Asubuhi kwa Wenye Nyumba

Kanuni iliyompeleka binti yangu kwenye masomo ya mchana niliitunga mimi mwenyewe, kwa mdomo wangu, nikiwa nimesimama mbele ya komite ya wazazi na shati lililopigwa pasi, na watu wakanipigia makofi. Nalisema hili mwanzoni ili msomaji asipoteze muda kumtafuta mwenye kosa. Wengine huhitaji adui ndipo waharibikiwe. Mimi nilijitosheleza.

Mimi ni mtu wa nyumbani. Mke wangu huwaambia wageni hivyo, kwa sauti ile ile anayoitumia kusema kwamba sufuria limetoboka. Natengeneza radio na simu kwenye barza ya nyumba yetu hapa Kapata, mtaa wa Kolwezi, na tangu nilipopata diploma yangu ya sekondari sijaona sababu kubwa ya kwenda mbali kuliko soko la Manika. Hata huko Manika naenda nikiwa nimemkumbatia mwenye taxi-moto kama mtoto anayebebwa mgongoni. Sioni hasara. Dunia inakuja yenyewe kwenye barza yangu, inakaa, inalalamika kuhusu betri, inaondoka.

Ndiyo maana shule ilikuwa jambo langu kubwa. Iko mwisho wa mstari wetu wa nyumba, naiona nikiwa nimeketi. Nilisoma hapo, na enzi zetu ilikuwa shule ya kutajwa. Kampuni ya migodi ndiyo iliyoijenga na kuipaka rangi, na sisi sote tulikuwa watoto wa wafanyakazi wake. Mwisho wa mwezi baba zetu walirudi na posho ya unga, mafuta na samaki. Mtoto akiugua alipelekwa hospitali ya kampuni na hakuna aliyeulizwa kitu mlangoni. Hakuna mama aliyekuwa na sababu ya kumtoa mtoto darasani akauze ndizi. Tulifaulu karibu sote, na kwa sababu tulifaulu tukadhani ni akili. Nilikua nikiamini kwamba akili ile ilikuwa ya ukoo, kama masikio makubwa ya baba yangu, ambayo kweli nimeyarithi.

Baadaye kampuni ilidhoofika, posho ikaisha, zikabaki kuta. Miaka ikapita, na hivi karibuni serikali ikatangaza kwamba shule ya msingi ya umma ni ya bure. Sikuwa na ugomvi na neno bure, mpaka nilipoona kwamba lilikuwa la watu wote.

Watoto walikuja. Walitoka kwenye nyumba za turubai zilizoota nyuma ya mstari wa mwisho, na kwenye vile vyumba vya uani ambavyo wastaafu wa kampuni hupangisha ili wapate cha kula. Wazazi wao walikuwa wachimbaji wa mkono na wabeba magunia, waliotoka kaskazini mwa Katanga, Kasai, na kila mahali ambako habari za kobalti zilifika. Madawati hayakutosha. Wengine walikalia makopo ya rangi, wengine sakafu, na mwalimu alipita kati yao akiinua miguu kama mtu anayevuka shamba la mihogo. Matokeo ya mtihani wa taifa, ule wa kumaliza darasa la sita, yakashuka.

Hapo wenye uwezo wakaanza kuondoka. Walipeleka watoto wao Manika, kwenye shule za kulipia zenye bendera na mabasi madogo ya rangi. Aliyeondoka kwa kawaida alikuwa ni yule mtoto aliyeshajua kusoma, kwa hiyo kila alipoondoka mmoja, waliobaki walionekana wajinga zaidi, na wazazi wengine wakaogopa, wakaondoa wa kwao. Kila mtu alilaumu shule kwa kukosa watoto wenye akili, wale wale ambao yeye mwenyewe alikuwa ameshawatoa. Mimi sikuwa na uwezo wa kuondoka. Nikabaki, nikiwa na hasira ya mtu anayebaki, na nikaanza kusema kwenye barza, huku nikichoma waya, kwamba watoto wale wa turubai ndio wanaotuharibia shule. Wateja walikubali. Mtu anayesubiri simu yake itengenezwe hukubali mambo mengi.

Binti yangu alikuwa anaingia darasa la sita. Alikuwa mtoto wa kimya, mwenye hesabu nyepesi kichwani, na mimi na mama yake tulikuwa tumeweka tumaini letu lote kwenye mtihani ule. Akiupita vizuri, kulikuwa na sekondari ya masista ambayo huwapokea wenye alama nzuri. Asipoupita, angerudia darasa, na hapa kwetu msichana anayerudia darasa watu huanza kumwangalia kama mtu ambaye sasa ana nafasi ya kufanya kazi nyingine.

Kabla ya mwaka kuanza, direkta wa shule alituita sisi wa komite. Alisema vyumba havitoshi tena, kwa hiyo masomo yatagawanywa: kundi moja asubuhi, kundi lingine mchana, kwenye vyumba vile vile. Swali likawa nani asome asubuhi. Kila mtu anajua kwamba asubuhi ndiyo bora. Mchana mabati yanawaka, na mwezi wa mvua hata sauti ya mwalimu haisikiki. Direkta alipendekeza tupige kura kwa vikaratasi, kila mtoto achukue bahati yake.

Nikasimama. Nilianza kwa Kifaransa cha diploma yangu, kisha nikaingia Kiswahili ili hata waliolala waelewe. Nilisema kura ni kamari, na watoto si kamari. Nikasema tatizo la shule yetu ni kuhama. Mpangaji akisikia kuna shimo jipya mahali fulani anafunga godoro na kuondoka, mtoto wake anaacha darasa katikati ya mwaka, mwingine anaingia, mwalimu anaanza upya. Basi tuwaweke pamoja wale wasiohama. Watoto wa wenye nyumba wasome asubuhi, wa wapangaji wasome mchana. Hivyo tutakuwa na kundi moja imara, na jina la shule litarudi.

Angalieni nilivyokuwa na adabu. Sikutaja wachimbaji. Sikutaja wageni, wala turubai, wala kabila la mtu. Nilisema tu wenye nyumba na wapangaji, maneno safi kabisa ambayo mtu anaweza kuyasema hata kanisani. Aibu yangu ya kwanza ni hiyo: kwamba nilijua ninachosema, na nikajua pia namna ya kukisema bila kukisema.

Makofi yakapigwa. Direkta aliniangalia, miwani ikiwa imeteremka puani. Yeye ni mtoto wa hapa hapa, amekulia mistari miwili kutoka kwetu. Akaniuliza kama nina hakika. Nikasema nina hakika. Akauliza tena: mwenye nyumba kabisa, si anayekaa humo tu? Nikajibu kwa sauti ya kuwafurahisha wa nyuma:

"Kabisa, Direkta. Bila hivyo tutarudia fujo ile ile."

Akaandika. Tukaletewa soda, nikanywa ya kwangu nikiwa bado nimesimama.

Lazima niseme neno hapa kuhusu baba yangu, ingawa ningependa kuliruka. Baba yangu hakuzaliwa Kolwezi. Aliletwa kwa treni kutoka Kasai na kampuni, akiwa kijana, na godoro lake. Na ulikuwako wakati, mimi nikiwa mtoto, ambapo watu wa asili yetu waliambiwa kwamba hapa si kwao na warudi walikotoka. Nakumbuka mama akifunga masufuria ndani ya shuka, na baba akikataa kuondoka, na mama akiyafungua ili apike, kisha akiyafunga tena. Darasani mwalimu aliyekuwa akinipenda aliacha kunitazama. Mtu aliyepitia hayo angetegemewa awe wa mwisho katika Kapata nzima kusimama na kugawa watoto kwa kigezo cha nani ni wa hapa na nani si wa hapa. Nilikuwa wa kwanza, tena na shati la pasi.

Siku ya kufungua shule nilitoka nyumbani, jambo ambalo mke wangu alilitangaza kwa jirani. Jirani yetu huyo ni mama wa kutoka kaskazini. Alifika Kapata na mumewe wakapanga chumba cha uani, mume akinunua mawe kwa wachimbaji na kuyauza, yeye akiuza mitumba Manika. Mzee mmoja mstaafu alipoamua kurudi kwao, mama yule na mumewe wakainunua nyumba yake, ile inayogusana na lupango, yaani ua wetu. Mtoto wake wa kiume alikuwa darasa moja na binti yangu. Kusema kweli, nilipokuwa nikitoa hotuba yangu, yeye alikuwa mmoja wa watu niliowafikiria.

Direkta alisimama kwenye ngazi akaita majina. Mtoto wa jirani: asubuhi. Majina mengine yakafuata, ya watoto ninaowajua tangu wanatambaa, asubuhi, asubuhi. Akamaliza. Akaanza majina ya mchana, na katikati yao, kati ya watoto ambao majina yao sikuwahi kuyasikia, akaita jina la binti yangu.

Nilimfuata ofisini kwake nikiwa na tabasamu la mtu anayekuja kusaidia kurekebisha kosa dogo. Hakunikaribisha kiti. Aliniuliza tu, akiniita tata kama mzee wa heshima:

"Ile nyumba ni ya nani, tata?"

Nyumba ni ya yaya wangu, kaka yangu mkubwa. Kampuni ilipowauzia wafanyakazi nyumba zake, baba alikuwa amekwisha kufariki, na aliyekuwa na kazi ni yaya. Yeye ndiye aliyeinunua. Kisha akaenda Fungurume kuendesha malori ya mgodi, akaoa, akazaa huko. Mimi sikuenda popote. Nilikaa tu. Nimekaa muda mrefu kiasi kwamba nilishasahau kuwa kukaa si sawa na kumiliki. Hakuna aliyewahi kuniomba kodi, wala kuniuliza swali. Na direkta alilijua hilo kuliko mimi, maana yaya ndiye aliyekuwa akicheza naye mpira.

Nikamwuliza, kwa sauti ndogo, kama basi ninahesabiwa kuwa mpangaji.

"Mupangaji analipaka, tata," akasema. "Weye hata mupangaji hauko."

Kisha akanieleza, bila ubaya, kwamba hawezi kunipindishia. Akinipindishia mimi, niliyeitunga, kesho mlangoni kwake kutakuwa na foleni ya shemeji na wajomba wa Kapata nzima. Kanuni ni yenu, akasema. Alitumia wingi, kwa heshima.

Mke wangu alikuwa anasafisha samaki wa barafu, wale wa tomsoni, wa kupeleka sokoni. Nilipomweleza alicheka mpaka akakaa juu ya beseni lililogeuzwa. Alinitaka nirudie ile sehemu ya makofi. Binti yetu akaingia, akasimama mlangoni akisikiliza, na mama yake akaacha kucheka ghafla, kama mtu aliyezima jiko. Mtoto hakuuliza mengi. Alitaka kujua kama mchana nako kuna mtihani ule ule. Nikamwambia ndiyo, ule ule. Akaitikia kwa kichwa, akaenda kunawa miguu. Mke wangu akanigeukia na kuniambia kwamba kesho nitakwenda Fungurume, na nisipojua njia nifuate malori.

Nilikwenda. Minibus ilikuwa imejaa wanawake na vikapu, na upande wa dirisha yalipita malori ya mgodi mfululizo, yakitumwagia vumbi hata vioo vikiwa vimefungwa. Nilishikilia kiti cha mbele njia nzima. Mama mmoja aliyekaa nami aliniuliza kama napelekwa hospitali.

Yaya alinipokea vizuri. Tulikula bukari, ugali wetu, na sombe ya majani ya mihogo, na nilipomaliza nikamwomba jambo moja tu: ampigie simu direkta, amwambie kwamba nyumba ya Kapata ni yangu. Kwa maneno tu. Kwa mwaka mmoja tu, mpaka mtoto afanye mtihani. Alinawa mikono taratibu, akajifuta, na akanijibu kwa upole ambao ulikuwa mbaya kuliko kelele:

"Mudogo, mi sikukuombaka kitu. Ikala mu ile nyumba mpaka uzeeke. Lakini nikisema ni ya kwako, batoto bangu nitabaambia nini?"

Halafu, bila kunilenga, akasema kwamba wanawe nao husoma mchana. Hapa Fungurume yeye ni mgeni na anapanga, na kuna watu wa hapa, wenye nyumba, ambao wamefanya yao kama nilivyofanya mimi ya kwangu. Alisema hivyo kama anayezungumzia mvua. Nilimtazama mtoto wake mdogo akifunga kamba za viatu kwenda shule wakati jua liko juu ya kichwa, na nikatamani minibus ya kurudi ije haraka, mimi ambaye minibus siipendi.

Basi binti yangu akaanza kusoma mchana.

Nilijiandaa kwa mabaya. Siku za mwanzo nilikwenda kumchungulia dirishani, nikijifanya natafuta mteja, nikitegemea kuona wezi wadogo na watoto wasiojua kushika kalamu. Jambo la kwanza nililoliona liliniudhi: mwalimu alikuwa yule yule. Ili pasiwe na manung'uniko, direkta alikuwa amewapa walimu zamu, wiki hii asubuhi, wiki ijayo mchana. Sauti ile ile, ubao ule ule, sehemu za hesabu zile zile za nusu na robo. Kilichotofautiana ni waliokaa mbele yake. Kulikuwa na wavulana wenye matope makavu mpaka magotini, ambao asubuhi walikuwa mtoni wakiosha mawe. Kulikuwa na msichana aliyetoka kuuza maji ya vifuko kwenye kituo cha magari. Mmoja aliulizwa swali akajibu sawasawa, macho yakiwa yamefumbwa, kisha akalaza kichwa kwenye dawati kama aliyemaliza kazi ya siku. Hawakuwa wajinga. Walikuwa wamechoka, kama baba zetu walivyokuwa wakichoka wakirudi kutoka mgodini, na hakuna aliyewahi kumfundisha baba yangu hesabu saa ile.

Niliyaona hayo yote, nikayaelewa yote, na bado nikarudi kwenye barza kuwaza namna ya kumtoa wa kwangu mmoja.

Robo ya kwanza ya mwaka binti yangu aliongoza darasa. Nikajisifu kwa wateja kwamba damu haipotei, hata ukiitupa mchana. Nyumbani nako tulizoea. Kwa kuwa asubuhi alikuwepo, kazi zilimjia zenyewe, kuanzia bidoni, madumu yetu ya maji, kwa sababu mama yake alikwenda sokoni mapema na mimi nina kazi yangu. Nilisema hata kwamba kila jambo lina faida yake: nyumba haijawahi kuwa safi namna ile.

Robo ya pili akashuka. Alikuwa ananyamaza zaidi, anasahau daftari, anapiga hesabu rahisi mara mbili. Mwalimu alituma neno kwamba anasinzia. Nikajua sababu mara moja. Niliijua hata kabla ya kuitafuta: ni wale wenzake. Usingizi wao ulikuwa umemwambukiza kama ugonjwa wa macho mekundu. Nilisimama tena kwenye komite, safari hii bila pasi, nikasema masomo ya mchana yanaua watoto. Direkta akajibu kwamba mwalimu ni yule yule na kitabu ni kile kile. Baba mmoja wa mstari wa mbele, mwenye nyumba kabisa, alisema alama za asubuhi zinaonyesha wazi kwamba watoto wa familia zilizotulia wana akili tulivu. Yalikuwa maneno yangu. Nilikuwa nayasikia kwa mara ya kwanza nikiwa nimekaa upande wa pili, na niligundua kwamba yana harufu. Nilitaka kumjibu. Lakini ningemjibu nini, na kila mtu chumbani alikumbuka nilivyokunywa soda nikiwa nimesimama?

Nitasema sasa yaliyotokea mwishoni, ili nisimweke mtu roho juu. Binti yangu alipita ule mtihani. Hakupita kwa alama ambazo tungeziota, alipita kwa kuinama chini ya mlango, lakini masista walimpokea baada ya mama yake kwenda kukaa kwenye benchi lao mpaka wakamchoka. Wengi wa wenzake wa mchana hawakupita. Ninawaona wengine wakipita mbele ya barza na majembe, na baadhi yao hunisalimia kwa jina la baba wa fulani, kwa sababu binti yangu alikuwa rafiki yao, na mimi huitikia nikiwa nimeinamia waya ambao hauna tatizo. Mwaka uliofuata direkta aliifuta kanuni bila kutuita kwenye kikao, akapiga kura kwa vikaratasi, na hakuna mwenye nyumba aliyepata ujasiri wa kulalamika, labda kwa kuogopa kufanana nami.

Kwamba alipita hata hivyo, sifa si yangu, ni ya jirani. Robo ya mwisho ilipoanza nilikuwa nimebakiwa na wazo moja, na ndilo linaloniamsha na aibu kuliko yote, kuliko hata hotuba. Nilikwenda kwa jirani. Nilikwenda kumwomba tubadilishane: mtoto wake aende mchana, wangu achukue nafasi yake asubuhi, kwa miezi ile michache iliyobaki. Nilikuwa nimesikia kwamba direkta angekubali kama wazazi wawili wangepatana wenyewe.

Alikuwa kwenye barza yake amefungua balo la bilamba, nguo zake za mitumba, anatenga mashati ya wanaume na ya watoto. Aliniletea kiti. Nikaanza mbali. Nikasifu nyumba, nikasifu mlango mpya. Nikasema mtoto wake ana nguvu na akili, mtoto wa namna ile anaweza kusoma saa yoyote, hata jua likiwa kali. Wangu ni mwepesi, nikasema, hajazoea kuchanganyika na kila aina ya watu. Nikaongeza kwamba sisi tumekuwa hapa Kapata tangu zamani, na shule ile, kwa namna fulani, ni kama ya kwetu. Niliyasema hayo nikiwa nimekaa kwenye kiti chake, ndani ya nyumba yake mwenyewe, mimi nisiye na hata dirisha.

Alikunja shati, akalipapasa kola kuona kama limechakaa, akaliweka kwenye fungu la mashati mazuri. Kisha akaniangalia, akasema:

"Tata, nafasi ya mutoto yangu sikupi, na hata nikikupa haitakusaidia. Mi nakuonaka kila siku hapa pa lupango. Mutoto anaenda kuteka mayi, anarudia, anafagia, anatwanga, anafula bilamba bya nyumba nzima, na weye uko naikala na radio yako. Kisha anaenda ku masomo kusinzia, unasema ni batoto ba bengine banamuharibisha. Masomo ya muchana haina na kosa. Kama unataka mutoto apite egzame, kamata bidoni weye mwenyewe."